Mahali pa Kiganja cha Mama

Siku hizi jiko la serikali haliwaki Krismasi mpaka liguswe kwa viganja vya baba, mama na mtoto, kila mmoja mahali pake. Elirehema, aliyemzika mkewe masika, aligusa kwanza huku akinung'unika, "Wakubwa hawa, kama vile kwao hakufi mtu."

Binti yake Ndeshi alikuwa amefinyanga maandazi ya maumbo ya mbuzi na nyota, moja akalifichia karanga, atakayeiuma ataimba.

"Baba, si wanasema mkono wangu ni wa mama?" Akabandika kiganja mahali pa mama.

"Karibu, mama," jiko likasema.

Wakacheka. Ndeshi akagusa pake, mahali pa mtoto.

"Mama, umeshapita. Mlete mtoto."

Akafuta unga, akagusa tena. Jiko likarudia yale yale.

"Huyu ni Ndeshi," Elirehema akalifokea. "Ndeshi, mwanangu."

"Pole, baba," jiko likajibu kwa upole. "Huyo hayupo tena."