Sinia la Minyoo wa Mama

Sheria inasema minyoo hawarithiwi kwa wosia. Wao wenyewe humchagua mrithi. Basi baada ya arobaini ya mama, bwana shamba aliwamwaga katikati ya sinia la udongo. Mimi nikaweka kiganja upande huu, mdogo wangu Kemilembe upande ule.

Miaka tisa nilimwogesha mama. Kemilembe, mwenye migomba yake na minyoo wake huko kwa mumewe, alikuja Krismasi tu, na bado ndiye mama aliyemwita "mboni ya jicho langu". Minyoo hao ni wadogo kuliko vumbi, lakini huua fukusi wote wanaotoboa migomba shambani, na humjua mtu kwa harufu. Niliapa hawatamwendea yeye.

Asubuhi hiyo nilimpa mafuta ya mikono. Nilikuwa nimeyachanganya na majimaji ya fukusi aliyekwisha kuliwa, harufu inayowaambia minyoo kwamba hapa chakula kimekwisha. Haitoki kwa sabuni msimu mzima, na udongo ulioguswa na mkono huo, minyoo huuhama.

Wakaja kwangu wote, kama maziwa yaliyomwagika.

Kemilembe akanikumbatia. "Nilishanawa kwa majivu tangu alfajiri, dada, wasinitambue. Mama alikuwa wako."

Kisha akajifunga kanga, akasema anawahi kupalilia migomba yake kwa mikono kabla jua halijawa kali.

Nilifungua mdomo nimwite. Nikakumbuka "mboni ya jicho langu", nikaufunga.