Kitu Kilichofunikwa Kawa

Kasuku, mtangazaji wa kitongoji, alipaza sauti: “Popo ameonekana tena magharibi amebeba kitu kimefunikwa! Fungeni milango!”

Bi Bata, jirani wa Popo, akakimbilia komeo huku tambi zikimning'inia mdomoni. Ndipo akakumbuka: tambi zenyewe kaletewa na Popo, futari ya Ramadhani, sahani imefunikwa kawa kama jana na juzi.

“Loo! Namkimbia mtu huku nala chake!” akajisema kwa haya.

Sahani ya jirani hairudi tupu. Kesho yake magharibi Bi Bata akaijaza mapera, akaifunika kawa lile lile, akapita makusudi mbele ya Kasuku, akisubiri kelele.

“Shikamoo, Bi Bata,” akasema Kasuku kwa upole. “Leo jirani yupi kabahatika?”