Salamu Wakati wa Kutua

Mwanaidi alijua kwamba akishindwa leo hatapewa tena kiti cha rubani. Ndege yenyewe ilikuwa ya mafunzo, chumba kisichoondoka sakafuni, ila ukungu uliojaa kiooni ulitisha kama wa kweli. Mara iliyopita mtu alimsalimu wakati anatua. Aligeuka kuitikia, na ndege ikagonga kilima.

Leo Kapteni Shebughe, mwalimu wake, alifungua mlango katikati ya safari na kumketisha mama mkwe wa Mwanaidi kwenye kiti cha nyuma.

"Mkwe wangu, mbona huniamkii?"

Mwanaidi aliendelea kutazama kipimo cha urefu.

"Ndivyo mlivyofunzwa kwenu? Mtu mzima aingie kama paka?"

Shingo ilimwasha. Akakaza mkono kwenye usukani.

"Natua, mama. Naomba kimya."

Kapteni alikohoa kuficha kicheko. Magurudumu yakagusa njia, chumba kikatikisika.

"Shikamoo, mama," alisema Mwanaidi bila kugeuka.

Mama mkwe alikuwa ameinama mbele, ameushika mkanda kwa mikono miwili.

"Tazama mbele, wewe! Bado inakimbia!"

Taa za uwanja ziliendelea kuwapita, kila moja taratibu kuliko iliyotangulia.