Miezi Mitatu bila Atanas

"Huna ruhusa ya kuhifadhi kwenye folda hii. Wasiliana na msimamizi."

"Msimamizi ni mimi, mwanaharamu wewe!" Stamen aliifokea skrini, akapiga meza kwa kiganja.

Mwanamke aliyesimama mbele ya kaunta hakushtuka. Alikuwa na miaka sabini hivi, koti jeusi, theluji bado mabegani, na midomo ameipaka rangi nyekundu. Alijitaja kwa jina moja tu, Bogdana. Mkononi alishika maua manne, idadi ya shufwa, kama wanavyopelekewa wafu.

"Saa nne na nusu hii," alisema. "Saa sita watu wanaanza kufika. Nataka tangazo liwe limeshabandikwa. Likichelewa, utalila mwenyewe."

Stamen alikuwa amechapisha matangazo ya vifo ya mji ule kwa miaka kumi na tisa. Mtu akifa, karatasi zake hubandikwa milangoni na kwenye miti. Zikitimia siku arobaini hubandikwa nyingine, miezi mitatu nyingine, mwaka nyingine. Kwa hiyo hakuwa na haja ya kuandika upya. Kila mara alifungua tu faili la tangazo la kwanza la marehemu kwenye folda ya Misiba, akabadilisha muda, akahifadhi, na printa kubwa ya chumba cha nyuma ikalichukua yenyewe. Ilikuwa kazi ya dakika tatu, mpaka jana kompyuta ilipojisasisha bila kumwuliza mtu.

"Marehemu ni nani?"

"Mume wangu, Atanas Tabakov. Miezi mitatu."

"Basi tangazo la kwanza limo humu. Nikifungua tu..."

"Fungua basi! Au unangoja na mimi nife, utuchapishe wawili kwa mpigo?"

Stamen alimeza tusi. Akaizima kompyuta, akaiwasha. Folda ikakataa. Akaondoa alama ya "kusoma tu". Alama ikarudi papo hapo, kama nzi. Akajaribu kuhifadhi kwenye folda ya Sherehe. Huko ikakubali mara moja.

"Si limekubali? Litoe huko huko."

"Huko linatoka na fremu ya njiwa na mawaridi, mama."

"Nataka fremu nyeusi. Nene hivi." Alimwonyesha kidole gumba.

Stamen alichimba mipangilio huku jasho likimtoka. Hatimaye akaona. "Folda imeandikwa mmiliki mwingine, akaunti ya zamani. Hayupo tena kwenye mashine, lakini bado anazuia kila kitu."

Bogdana alicheka kicheko kikavu. "Wapo wengi wa namna hiyo."

Stamen akajiandika yeye kuwa mmiliki, akaagiza mafaili yote ya ndani yamfuate. Folda ikafunguka. Akalitafuta jina la Tabakov kutoka juu hadi chini.

"Hayumo."

"Mimi nilikwambia yumo? Andika upya."

"Siku ya kufa hamkuchapisha? Siku arobaini je?"

"Sikuchapisha popote. Una kazi ya polisi hapa, au ya kuchapisha?"

Stamen alimchukia palepale. Mke gani huyo, aliyemzika mume bila hata karatasi moja mlangoni, kisha anakuja na midomo myekundu kuwatukana watu? Akaipokea picha kwa ncha za vidole: mzee mnene mwenye masharubu, anacheka, na aliyekaa kando yake ameondolewa kwa mkasi. Kiganja cha mwanamke kilikuwa kimebaki begani.

"Niandike nini?"

"Miezi mitatu bila Atanas. Bila mluzi wake kila afikapo mlangoni, bila soksi zake chini ya meza. Kutoka kwa mke."

"Na watoto?"

"Watoto watajisemea wenyewe."

"Hayo si maneno ya kumheshimu marehemu."

"Andika."

Akaandika. Jina lilipotokea kwa herufi kubwa, akakumbuka tarehe. "Leo ni sikukuu ya Mtakatifu Atanas. Siku ya jina lake!" Siku kama hiyo hakuna anayealikwa; kila anayemjua mwenye jina huenda tu, na chupa mkononi.

"Ndiyo maana nikakwambia saa sita."

Alibonyeza kuhifadhi. "Huna ruhusa."

"Miaka kumi na tisa unazika watu," Bogdana alisema, "na kabati lako mwenyewe limekushinda."

Stamen akarudi kwenye mipangilio. Kilichobaki kilikuwa ulinzi mpya uliokuja na sasisho, unaozuia programu zisizotambulika zisiandike kwenye folda. Ulikuwa umeiona programu yake kuukuu ukaidhania mwizi. Akaitafuta kwenye orodha, akairuhusu, akabonyeza tena. Ikahifadhi. Chumba cha nyuma printa ikakohoa, ikatema karatasi ishirini zenye fremu nyeusi, nene.

Ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi. Bogdana aliweka pesa mezani, akaondoka bila asante.

Dakika kadhaa zikapita kabla Stamen hajaiona picha aliyoisahau Bogdana kwenye kioo cha skana. Alitaka kuitupa, lakini picha ya maiti haitupwi. Kupitia dirisha alikuwa amemwona Bogdana akiingia jengo la ng'ambo ya barabara, akamfuata bila koti.

Karatasi zilianzia kwenye masanduku ya barua, zikapanda na ngazi, moja kila hatua chache. Ghorofa ya pili palinukia nguruwe wa kuoka, na nyuma ya mlango watu walikuwa wakicheka na kugonganisha glasi. Kibao cha mlangoni kilikuwa na jina la mwanamke mwingine. Bogdana alikuwa ameshalaza maua kizingitini na sasa akiipigapiga karatasi ya mwisho kwa kiganja ili ishike.

"Mama," Stamen alisema akihema, "umesahau picha ya marehemu."

"Mpe mwenyewe," alijibu Bogdana, akabonyeza kengele.

Ndani, mluzi ukaanza kuukaribia mlango.