Mikono Mibichi

Raya aliliona kwanza ua la hina likichuruzika. Kiganja cha Bi Salme kilikuwa kimetoka jasho ghafla. Mikono yake yote miwili ilikuwa mibichi kwa hina, basi Raya, mchoraji wake, ndiye aliyemshikia simu sikioni, na sauti ya mwanamume aliyepiga ikamfikia naye.

"Mama, nimeshakwambia mimi ni afisa wa kodi. Tuma hizo pesa sasa hivi, ama duka lako linapigwa kufuli leo leo. Usikate simu, na usimwambie mtu."

"Natuma, baba, natuma." Bi Salme akamgeukia Raya. "Nibonyezee, mwanangu. Namba ya siri nitakunong'oneza."

"Uko na nani hapo?" sauti iliuliza upesi, na Raya akausikia woga ndani yake. Mtu wa serikali anaogopa nini kusikiwa na mchora hina?

Akaikata simu.

"Wee mtoto, una wazimu? Duka ndilo linalonilisha tangu nifiwe!"

Bi Salme alimrukia. Raya akaificha simu mgongoni, na vile viganja vibichi vikamkamata mikono ya gauni, maua yakajichapa kwenye kitambaa cheupe. Simu ikaanza kuita tena.

Tangu aanze kazi, Raya alimjibu kila mteja "ndiyo, bibi" huku ameinamisha kichwa. Sasa alikiinua.

"Hapana, bibi," alisema. "Huyu ni mwizi."