Uji Mzito au Mwepesi

"Mwambieni ukweli! Mama yenu si mtoto!"

Watoto watatu wa mgonjwa walikataa. Miaka ishirini na tisa natibu saratani hapa mjini Shenyang, na kila familia hunivuta pembeni kwenye korido iniombe niseme uongo. Nimechoka nao.

Nikaingia wodini, nikasema yale yale. "Ni kidonda cha tumbo tu, mama. Kunywa uji wa mtama, punguza hasira, utapona."

Bibi yule akanitazama, kisha akawatazama wanawe.

"Uji mzito au mwepesi?"

Swali gani hilo! Nikatoka nikisonya.

Nikapitia kwa Qiu, daktari niliyemfundisha kazi mwenyewe, kuchukua majibu ya kipimo changu cha tumbo. Nikamkuta mume wangu ameketi pale, chupa ya chai mapajani.

"Wewe nani kakuita?"

"Nilikuwa napita tu," akasema. Yeye, anayefanya kazi ng'ambo ya pili ya mji!

"Qiu, lete hiyo karatasi nisome."

"Ya nini usumbuke, mwalimu?" Alikuwa ameifunika kwa kiganja, akaikandamiza mezani mpaka kucha zikawa nyeupe. "Ni kidonda cha tumbo tu. Kunywa uji wa mtama, punguza..."

"Hasira. Najua. Nilikufundisha mimi!"

Nikanyoosha mkono niinyakue. Mume wangu alikuwa akifungua kifuniko cha chupa, akikifunga, akikifungua tena, na macho yake yalikuwa yale yale ya familia za kwenye korido.

Nikaurudisha mkono.

"Uji mzito," nikauliza, "au mwepesi?"