Kitovu cha Tunu

Zama zile kitovu cha mtoto hakikuzikwa tena nyumbani. Kikidondoka tu, mkunga alikitia kwenye kichupa, kikapelekwa sayari ya Mirihi kuzikwa huko. Siku ambayo dunia ingeharibika, vyombo vya angani vingebeba tu wale ambao vitovu vyao viko Mirihi.

Mwanahawa alipomzaa Tunu, moyo wake ulikataa. Alimpa mkunga kipande cha tangawizi kavu kilichofanana na kitovu, na kitovu chenyewe akakifukia chini ya mlimao, nyuma ya jiko, kilipozikwa na cha kwake.

"Mwanangu ni wa hapa," alimwambia mumewe, Shekue.

Tunu alikuwa ameanza kutembea, asubuhi ile ardhi ilipotetemeka na ving'ora vikalia. Mwanahawa alikimbilia mlimaoni na mwiko wa ugali, akachimba hadi kucha zikamtoka damu.

"Umekiona?" Shekue aliuliza, mtoto begani.

"Bado. Kipo tu. Tukiwapa chenyewe watampakia."

Akafika kwenye mizizi. Palikuwa na mchwa, na udongo mwekundu uliokuwa ukizidi kupata moto.

Juu yao chombo cha kwanza kilipita kikinguruma. Tunu alikipungia mkono.

"Basi ni wa hapa," Shekue alisema polepole, akamfunika mtoto macho.